Gemu Halikosei

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wa Aggrey umegeuka uji. Mteja mmoja tu leo, naye alikuwa anaulizia choo.

Lakini siku kubwa! Uwesu, fundi simu ninayechangia naye chumba hiki (yeye meza ya dirishani, mimi na makava yangu ya simu nyuma ya kabati), kanionyesha tangazo. Shirika moja linataka ripoti juu ya hali ya magemu ya kufundishia hapa Dar es Salaam. Nani anayatengeneza, nani anayacheza, yanamfunza nani nini. Halafu Ijumaa ya wiki ijayo kuna kongamano Posta. Kila mtengenezaji atapanda jukwaani na gemu lake la usalama barabarani. Litakaloshinda litapelekwa kwenye vijiwe vya bodaboda jiji zima, na mwenyewe anapewa vishikwambi mia moja.

Mia moja!

Uwesu akasema pole, wewe unauza makava. Nikamjibu kwamba anayeuza viatu anaijua miguu. Akaendelea kukaza skrubu. Mafundi hawana maono.

Mimi nimo kwenye tasnia hii tangu zamani. Mwaka juzi nilibuni gemu la kufundisha wauza samaki usafi. Halikutengenezwa, lakini lilibuniwa, na hilo ndilo gumu.

Mpinzani ni mmoja tu, Mwanamkuu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha, akajifunza kompyuta mwenyewe, na sasa mwaka wa pili huu anachora gemu moja la bodaboda. Moja! Miaka miwili! Kaka yake Nassibu alikuwa dereva wa bodaboda, akagongwa, akakatwa mguu. Ndiyo maana gemu la dada yake halina raha. Gemu ni starehe. Ukitaka kulia, nenda msibani.

Jumanne, 6 Mei

Ripoti imekwisha! Imenichukua saa mbili na nusu, pamoja na chai.

Nilianza kwa kuwahesabu watengenezaji ninaowajua. Mwanamkuu. Wanafunzi wawili wa chuo ambao gemu lao la kemia linafunguka kwenye simu moja tu duniani, ya mmoja wao. Jamaa wa Sinza aliyepata ufadhili, akatengeneza nembo, fulana na kalenda, ufadhili ukaisha kabla hajafika kwenye gemu. Na mimi. Jumla watano.

Ripoti ya watu watano haipendezi. Nikaandika kampuni mia nne na kumi na mbili. Hiyo kumi na mbili ndiyo inayoleta imani. Mtu akisema mia nne unajua anakisia.

Sura ya changamoto haikunisumbua. Changamoto ni zilezile katika kila ripoti ya nchi hii. Nilichukua za ufugaji wa nyuki, nikaondoa nyuki.

Mke wangu Anifa aliisoma akiwa anakunja madera yake ya kupeleka mtaa wa Kongo. Akauliza kwa nini ukurasa wa tisa unasema vijana wapewe mizinga ya kisasa. Nimebadilisha. Vijana wapewe simu za kisasa. Sentensi imezidi kuwa nzuri.

Alhamisi, 8 Mei

Gemu limepatikana! Wajinga hutengeneza, wenye akili hupata.

Mtandaoni kuna jamaa wa nchi za baridi anauza gemu lake la pikipiki, na anakuruhusu kubadilisha maneno. Picha hazibadiliki. Nani ana shida na picha?

Nimefanya kazi ya kitaalamu mchana kutwa. Jina jipya: BODABODA SALAMA. Dereva amevaa koti la manyoya mpaka magotini. Nimeandika chini yake: MASIKA. Barabara nyeupe, miti myeupe, mabati meupe. Uwesu akasema hiyo theluji. Nikamwambia mchanga wa Kigamboni. Kuna mnyama mkubwa mwenye pembe kama mti uliopukutika majani, anakatiza barabara bila haraka. Nimemwandikia MBUZI.

Ukikosea, skrini inakuwa nyekundu: UMEVUNJA SHERIA. Ukipatia, kengele inalia na pointi zinapanda. Safi kabisa.

Nimepata na mtu wa kulijaribu. Beno, dereva wa kijiwe cha hapa chini, mtu wa Masasi, mpole, hana maneno mengi. Nimemwambia atakuwa ushahidi wangu mbele ya waamuzi. Akafurahi. Akashika simu, akaondoka, nyekundu. Akaondoka tena, nyekundu. Kila mara lori linamvaa uso kwa uso, na yeye anang'ang'ania kukaa kushoto! Nikamwambia ahame huko, afuate mstari wa kijani, mstari uko kulia.

Akanitazama. "Bosi, lakini kulia si ndiko wanakotokea wenzangu?"

Nikamweleza kwamba hapo ndipo ilipo tofauti ya mtaalamu na mtu wa kijiweni. Mimi mwenyewe sijawahi kuendesha chochote, hata baiskeli, ndiyo maana sina mazoea mabaya. Gemu limetengenezwa na watu waliosoma. Gemu halikosei.

Akahamia kulia. Kengele! Pointi mia. Akacheka kama kapewa soda ya bure. Elimu ni kitu kizuri sana.

Jumamosi, 10 Mei

Upelelezi. Nimemkuta Mwanamkuu kwenye kijiwe cha Msimbazi, kakaa benchi moja na madereva, ana daftari na simu mbili kuukuu. Nikajibanza nyuma ya meza ya mama anayekaanga mihogo.

Gemu lake ni aibu tupu! Hakuna mlipuko. Hakuna muziki. Barabara ni Msimbazi ileile tuliyokuwa tumeikalia, kaichora kwa mkono, mpaka shimo la pale kona kaliweka, mpaka mama wa mihogo yumo. Linafunguka kwenye simu yoyote, bila bando. Ukifika kona linasimama, inatoka sauti ya dereva, mtu kweli, anasimulia kilichompata hapohapo. Halafu linakuuliza: wewe ungefanyaje?

Mtu mzima na ndevu zake akakosea. Akacheka, akarudia. Mwingine akabisha kwamba malori hayatokei upande ule siku hizi, yanatokea huku. Na Mwanamkuu akaandika kwenye daftari! Mtengenezaji anasahihishwa na wachezaji wake, na anasema asante! Mimi nisingekubali.

Mama wa mihogo akaniuliza, kwa sauti ya kusikika Ilala, kama nanunua au najificha. Mwanamkuu akageuka.

"Kaka Abdulmalik! Karibu ucheze."

Nikasema nilikuwa napita tu. Akasema amesikia Beno anajifunza kwangu. Nikasema hizo ni siri za kazi. Akasema haya, ila nimwangalie vizuri, maana mke wa Beno kajifungua juzi tu, pacha.

Wivu huo! Nilinunua mihogo kuficha aibu. Ilikuwa imepoa.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya mtihani. Mtu wa shirika amekuja mwenyewe. Anaitwa Evelyn, mdogo kuliko nilivyotarajia, miwani mikubwa, viatu vya kutembelea. Dalili mbaya. Watu wa mashirika wenye viatu vizuri hawatembei.

Ameipenda ripoti! Hasa ile mia nne na kumi na mbili. Hakujua kama tumefika mbali hivyo. Akasema angependa kuzitembelea kampuni tano tu, zozote, leo.

Leo!

Nikamwambia kwa bahati nzuri moja iko hapahapa. Nikampeleka mbele ya kabati. Nikamkonyeza Uwesu. Uwesu akadhani nina kitu jichoni.

Evelyn akamuuliza, "Mnatengeneza hapa hapa?"

"Natengeneza, dada."

"Kwa muda gani sasa?"

"Mwaka wa kumi na moja."

Kalamu ikakimbia. Akauliza kwa mwezi anamaliza kazi ngapi. Uwesu akafikiri kwa uaminifu wake wote, akasema kama mia na hamsini, ila masika huzidi.

"Mia na hamsini! Na moja inachukua muda gani?"

"Ikiwa kioo tu, nusu saa."

Nikakohoa. Nikamweleza Evelyn kwamba kioo ni istilahi yetu ya kitaalamu. Akaandika "kioo", akapigia mstari. Uwesu akamuuliza kama na yeye simu yake ina tatizo. Nikamtoa dada wa watu nje.

Kampuni ya pili ilikuwa kibanda ambako watu wanacheza mpira kwenye televisheni. Nikasema hiyo ni maabara. Mtafiti mmoja alikuwa anamtukana mwenzake kwa sababu ya penalti. Kampuni ya tatu, wale wanafunzi wa kemia. Simu yao ilikuwa haina chaji.

Tukiwa njiani kuelekea kampuni ya nne, ambayo nilikuwa bado sijaibuni, Evelyn akaona madereva kwenye benchi wameinamia simu moja. Mwanamkuu tena! Evelyn akasimama dakika arobaini na tano. Akacheza. Akakosea kona ya shimo mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akamsikiliza Mwanamkuu akieleza habari za Nassibu. Mimi nimesimama mvuani na mwavuli uliovunjika ubavu.

Hakuuliza tena kampuni ya nne. Nimelichukua kama ushindi.

Jumatano, 14 Mei

Beno amefika pointi elfu tano! Anacheza kila akisubiri abiria. Anacheza akinywa chai. Zamani alikuwa anafikiri kwanza, sasa mkono unaenda wenyewe, kulia, kulia, kulia, bila kutazama. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita kujifunza.

Ameniambia leo asubuhi pale Lumumba ilibaki kidogo aingie upande usio wake. Akapigiwa honi, akashtuka, akarudi. Akauliza kama inaweza kuwa gemu. Nikamwambia ni usingizi, nyumbani kuna pacha. Akakubali. Ndiyo raha ya kufanya kazi na mtu msikivu.

Nimeazima koti Mchikichini kwa Mudi, muuza mitumba. Sufu nzito, vifungo vya dhahabu. Lina mteja wake, kwa hiyo lazima nilirudishe Ijumaa kabla ya saa nane mchana. Anifa akasema, "Baba Swaumu, hilo koti na dereva wa kwenye gemu lako mmetoka kijiji kimoja."

Mwanamke akikosa hoja hukimbilia mavazi.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika nikiwa hospitali. Saa kumi jioni. Si mimi mgonjwa. Nianze mwanzo.

Ukumbi Posta, kiyoyozi, chupa za maji, mabango yenye picha za watoto wanaocheka. Watu kama mia. Waamuzi watatu: Evelyn, mhadhiri mmoja aliyesinzia tangu saa tatu, na Inspekta Hillary wa kikosi cha usalama barabarani, mtu mkimya, sare imenyooshwa mpaka inakata.

Akatangulia Mwanamkuu. Hakuvaa koti. Nassibu alikuwa mstari wa mbele na mguu wake wa bandia. Kabla hajaonyesha gemu, Mwanamkuu akasema maneno machache juu ya hali ya tasnia. Akasema tuko wachache, kumi hatufiki. Akasema magemu mengi hufa siku ufadhili unapokwisha. Akasema hakuna anayemuuliza dereva kabla ya kumfundisha dereva, na gemu lisilofunguka kwenye simu aliyonayo ni tangazo tu. Nilishika kichwa. Umesimama mbele ya wafadhili, unasema ukweli! Wakampigia makofi. Mhadhiri akaamka, akapiga pia.

Zamu yangu. Nilizungumza dakika ishirini. Nilitumia neno "mageuzi" mara kumi na moja. Jasho linanitiririka ndani ya sufu. Kisha nikamwomba Inspekta Hillary alijaribu gemu mwenyewe, lionekane kwenye ukuta mkubwa.

Akashika kishikwambi. Akatazama nyuma, akatazama mbele, akaingia barabarani taratibu, kushoto, kama kitabu. Lori likamvaa. UMEVUNJA SHERIA.

Watu wakacheka kidogo. Akaanza upya. Kushoto, polepole. Lori. UMEVUNJA SHERIA. Mara ya tatu hakukutana na lori, alikutana na MBUZI.

Nilimwonea huruma. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba afande asijisikie vibaya, gemu halikosei, huenda amekaa ofisini muda mrefu na anahitaji kozi fupi.

Nikaona ni muda wa ushahidi. Nikamwita Beno.

Beno akapanda, kavaa shati la kanisani. Akacheza bila kosa! Kengele juu ya kengele! Kulia kona zote, kulia darajani, malori yanampisha kushoto kwake, pointi zinamiminika, na yeye anatabasamu ukutani. Nikageuka kupokea makofi.

Hakuna aliyepiga. Inspekta alikuwa amesimama.

"Kijana," alimwambia Beno, wala hakupaza sauti, "wewe unaendesha barabara ipi ya Tanzania upande huo?"

Beno akatazama ukuta. Akatazama mkono wake. Akanitazama mimi. Na mimi nikautazama ukuta, na kwa mara ya kwanza nikauona.

Nikasema ni toleo la kimataifa.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Evelyn aliniuliza juu ya kampuni mia nne na kumi na mbili. Pia juu ya kioo. Mtu mmoja nyuma akalia kama mbuzi. Saa ya ukutani ilikuwa saba na dakika ishirini, na Mudi ananisubiri. Nikamvuta Beno mkono, tukatoka.

Hakutaka kuondoka upesi. Alisema angependa akae kidogo kwanza. Nikamwambia koti lazima lifike saa nane. Akavaa kofia ngumu, nikapanda nyuma. Mtaa wa Uhuru wote alikwenda vizuri, taratibu, kushoto. Karibu na Mchikichini kulikuwa na foleni, akapita katikati ya magari. Mimi nikamhimiza. Nilimpigapiga bega. Nilisema, "Twende, Beno, twende!"

Akakunja kona. Akaingia kulia. Moja kwa moja, bila kutazama, kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Guta la magurudumu matatu lilikuwa linakuja, limejaa nazi.

Mimi niliruka. Nilidondokea kwenye rundo la masweta ya mitumba, laini kama godoro. Sina hata mchubuko. Kifungo kimoja cha dhahabu hakionekani. Beno alikuwa chini, pikipiki juu yake, nazi zinabiringika pande zote, na mkono wake wa kushoto umekaa mkao ambao mkono haukai. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema tu, "Bosi, umeenda wenyewe. Mkono umeenda wenyewe."

Mwenye guta ndiye aliyembeba. Mimi nilishika kofia.

Daktari anasema mfupa umevunjika sehemu mbili. Atafungwa hogo la plasta. Miezi mitatu asiendeshe.

Mke wake amefika na pacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Nimehamia benchi la mbali. Huku kuna feni.

Jumapili, 18 Mei

Anifa haongei na mimi. Anampikia Beno uji, ananikabidhi chupa, ananionyesha mlango. Nimekuwa mtumishi wa uji.

Leo nimemkuta Mwanamkuu wodini, kakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Beno na daftari. Nilidhani kaja kunicheka. Hakucheka. Alikuwa anamuuliza Beno kona ile ilivyokuwa: alitazama wapi, alisikia nini, mkono ulianza lini kwenda. Beno anaeleza, amefumba macho, hogo juu ya mto. Akamuuliza kama angekubali sauti yake iingie kwenye gemu, pale kona ya Mchikichini, ili mwingine asikie kabla hajafika. Beno akasema aandike na jina lake. Aandike na majina ya pacha.

Kisha Mwanamkuu akanigeukia mimi.

"Kaka Abdulmalik, aliyemgonga Nassibu alisema hakujua. Mpaka leo ndivyo anavyosema. Wewe Beno alikuuliza siku ya kwanza, kweli si kweli?"

Nilikuwa namenya chungwa. Nililimenya mpaka likabaki dogo sana. Nikampa Beno. Akasema asante, bosi.

Njia nzima mpaka Aggrey nilikuwa nimeshika maganda ya chungwa. Nadhani sikuona pipa la taka.

Mwanamkuu ananitaka nifanye kazi naye! Ati nina mdomo, nizunguke vijiweni nirekodi madereva wakisimulia, maana wengine hawaongei na mwanamke vizuri. Anasema itanifaa, nitajifunza kusikiliza. Mimi! Mkurugenzi! Nishike simu mbele ya mdomo wa mtu kama mwandishi wa habari za ajali! Nimemwambia nitalifikiria. Nililifikiria mpaka mlangoni.

Uwesu anasema hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana niliyowahi kupewa. Lakini Uwesu huyu si ndiye aliyeniharibia kwa kioo?

Jumanne, 20 Mei

Matokeo. Mwanamkuu kashinda. Vishikwambi vyote mia. Upendeleo mtupu! Ana kaka mlemavu, mimi nina nini?

Evelyn kaniandikia barua ndefu ya adabu. Anasema ripoti yangu itahifadhiwa kama mfano. Hakusema mfano wa nini, lakini sifa ni sifa. Anasema pia wameamua kuanza upya kuhesabu watengenezaji wa magemu ya kufundishia, na mpaka jana wamefika saba. Nimo? Simo.

Inspekta Hillary amependekeza BODABODA SALAMA lisionekane karibu na chombo chochote chenye magurudumu. Mikokoteni imetajwa.

Mudi amelipokea koti. Kifungo kilipatikana ndani ya sweta.

Alhamisi, 22 Mei

Mungu hamtupi mja wake! Nimepata!

Nilikuwa wodini na chupa ya uji. Wauguzi wanafunzi walikuwa wanafundishwa kumfunga Beno hogo jipya, wanne kwa mgonjwa mmoja, wanagombania mkono ule ule, na wa nyuma hata haoni. Beno anakunja uso. Nikajiuliza: hawa wanajifunzia wapi kabla hawajafika kwa mtu? Hakuna gemu! Nchi nzima hakuna! Barabara zina washindani wengi, nilikosea tasnia, siyo kazi.

Nilimweleza Beno. Akafumba macho, akasema amechoka, bosi. Dawa hizo.

Nikarudi Aggrey mbio. Yule jamaa wa nchi za baridi anauza na la hospitali! Vifaa vyote vimo, sindano, bendeji, vipimo, kengele ya ukipatia. Mchana huu nimeshabadilisha maneno nusu. Jina jipya: MUUGUZI HODARI. Jioni nimempigia sista mkuu wa wodi, nikamwambia nina gemu la mafunzo, tunda la utafiti wa miaka mitatu. Akauliza limejaribiwa na nani. Nikamwambia kwamba gemu la kiwango hiki halijaribiwi, linazinduliwa. Amesema nilete Jumatatu alione.

Uwesu kaja kuchungulia juu ya kabati. Anasema wagonjwa wote ni mbwa.

Nimetazama. Ni kweli, wengi wao ni mbwa. Hilo dogo. Manyoya nimeyaandikia UPELE. Masikio nitayaita uvimbe.